Mgonjwa Aulizwe Akiwa Kwake

Wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ziliwahi kufanyiwa utafiti ambao kila mganga mfawidhi angepaswa kuujua kama anavyoijua bajeti yake. Watafiti wa mradi ulioitwa Staha waliwasubiri kina mama waliojifungua katika vituo vinane, wakawahoji walipokuwa wakitoka na vichanga vyao. Waliuliza mambo ya wazi. Ulifokewa? Uliita ukapuuzwa? Ulitishwa? Ulipigwa au kufinywa? Kati ya wanawake 1,779 waliohojiwa, asilimia 19 na ushei walitaja angalau jambo moja la namna hiyo. Kisha watafiti wakawafuata 593 kati yao majumbani, wiki tano hadi kumi baada ya kujifungua, wakawauliza tena. Safari hii waliotaja walikuwa asilimia 28 na ushei.

Leba ilikuwa ile ile na manesi wale wale. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia, na siku zilizopita katikati.

Nimeanza na Tanga kwa sababu mengi tunayodhani tunayajua kuhusu kuridhika kwa wagonjwa yameokotwa mlangoni. Mgonjwa hupewa dodoso akiwa bado mikononi mwa hospitali: anasubiri dawa, anasubiri ruhusa, kadi yake iko mezani kwa nesi. Anayemuuliza mara nyingi amevaa koti jeupe, au amefuatana na aliyelivaa. Mgonjwa anajua mwezi ujao atarudi kliniki hapo hapo, mtoto atachanjwa hapo hapo, na kituo kingine kiko mbali na nauli ya bodaboda haipo. Atajibu nini? Atasema anashukuru, huduma ni nzuri, Mungu awabariki.

Wala hatakuwa ameongopa. Mama aliyetoka leba akiwa hai na mwanawe akilia ana shukrani ya kweli, na shukrani hiyo hufunika mengi kwa siku kadhaa. Baadaye mashoga na mawifi wanakuja kumwona mzazi, wanamuuliza ilikuwaje, naye anasimulia. Katika kusimulia ndipo anapoanza kupima. Anasikia mwenzake alivyohudumiwa kwingine, anakumbuka neno aliloambiwa saa nane za usiku, na lile alilolipokea kama kawaida ya hospitali linaanza kumkera.

Kuhusu sanduku la maoni sina mengi ya kusema. Limetundikwa ukutani karibu na mapokezi, lina kufuli, na kila anayelisogelea huonekana na foleni nzima pamoja na yule anayetaka kumlalamikia. Ajabu ingekuwa kulikuta limejaa.

Kuna jambo la pili linalopotosha majibu, nalo ni kubwa kuliko woga. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watumiaji wa intaneti karibu 18,000 katika nchi 12, Kenya ikiwamo. Washiriki walipewa visa vya kubuni vya wagonjwa waliohudumiwa vibaya, kisha wakaombwa watoe alama. Asilimia 53 walisema huduma hiyo ni nzuri, au nzuri sana, au bora kabisa. Abiria aliyezoea kusimama kwenye daladala akipata kiti siku moja atashuka akiwa ameridhika, hata kama breki za gari zilikuwa mbovu njia nzima. Kuridhika ni tofauti kati ya alichokitazamia mtu na alichokipata. Aliyetazamia matusi na asitukanwe, ameridhika. Aliyetazamia kulala wawili kitanda kimoja akapata chake peke yake, ameridhika. Ndiyo maana hospitali mbovu katika wilaya iliyozoea shida inaweza kupata alama za juu kuliko hospitali nzuri mjini, ambako watu wana bima, wana simu, na wana mahali pengine pa kwenda.

Kutokana na hayo, baadhi ya wataalamu wa tiba wamefikia uamuzi wa haraka kwamba mgonjwa hajui kitu, kwamba yeye huangalia tabasamu na rangi ya ukuta tu, kwa hiyo maoni yake hayana uzito. Hapo nawapinga, na ushahidi wangu unatoka Arusha.

Mtafiti Kenneth Leonard na mwenzake Melkiory Masatu walikaa na matabibu wa mkoa wa Arusha wakiwatazama wakihudumia wagonjwa. Waligundua jambo ambalo kila mwalimu aliyewahi kukaguliwa analifahamu: tabibu akiona mgeni ameketi pembeni na karatasi, anabadilika. Anauliza maswali mengi zaidi, anapima anachopaswa kupima, anaeleza. Lakini hali hiyo haidumu. Baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na watano anarudi kwenye mwendo wake wa siku zote. Leonard akaitumia tabia hiyo kupima kitu kingine. Kama mgonjwa hajui kitu, basi yule aliyehudumiwa wakati tabibu anajitahidi na yule aliyehudumiwa wakati tabibu amejichokea wangeridhika sawasawa. Daktari ni yule yule, chumba kile kile, dawa zile zile. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha vingine: juhudi ya tabibu ilipobadilika, kuridhika kwa wagonjwa nako kulibadilika. Walihisi tofauti, ingawa hakuna aliyewafundisha hatua za uchunguzi.

Kwa hiyo mgonjwa anaona. Ila hasemi, au anasema kidogo kuliko alivyoona, na anapima kwa kipimo alichokizoea. Mambo hayo matatu tukiyaweka pamoja, ndipo tunaweza kuanza kuzungumzia kinachomridhisha.

La kwanza ni kauli. Wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, mtafiti Margaret Kruk na wenzake waliwaomba wanawake wachague kati ya vituo vya kubuni: kimoja kiko karibu lakini mhudumu ni mkali, kingine kiko mbali lakini kina dawa na vifaa, kingine ni cha bure, na kadhalika. Lengo lilikuwa kujua mwanamke yuko tayari kuacha nini ili apate nini. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yaliweka mambo mawili juu ya mengine yote: mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Umbali na gharama, ambavyo ndivyo vinavyotajwa zaidi kwenye mikutano ya wakubwa, vilifuata nyuma. Ukitembea vijijini utayakuta hayo kwa macho. Mtu anapita zahanati ya kijiji chake, anapanda gari, anakwenda hospitali ya misheni wilaya ya pili, na ukimuuliza sababu atakwambia, kule wanakusikiliza.

Kusikilizwa ni jambo linalopimika, tena kwa sekunde. Utafiti mmoja maarufu wa Marekani wa mwaka 1984 ulirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa na kukuta kwamba, kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Madaktari hujitetea kwamba wakimwachia mgonjwa aseme atasema hadi jioni. Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, waliijaribu hofu hiyo. Waliwaomba madaktari wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wagonjwa walizungumza kwa wastani wa sekunde 92, na karibu wanne kati ya watano walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Najua daktari wa hospitali ya wilaya mwenye wagonjwa 60 nje ya mlango atacheka akisoma hapa. Lakini aijumlishe pia ile dakika ya mgonjwa anayerudi kugonga mlango kuuliza alichosahau, na ya yule anayerudi wiki ijayo na ugonjwa ule ule kwa sababu lililomleta hakulisema.

Pamoja na kusikilizwa kuna kujulishwa, na hata kujua tu jina la anayekushika. Kate Granger alikuwa daktari wa wazee nchini Uingereza aliyepatwa na saratani adimu. Mwaka 2013, akiwa kitandani kama mgonjwa, aliona kwamba wengi waliomjia kumtoa damu, kumpima, hata kumpa habari nzito, hawakujitambulisha. Akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu wa afya waanze kwa kutaja majina yao. Alifariki mwaka 2016, na kampeni yake ikabaki katika hospitali nyingi za nchi hiyo. Kwetu ambako mtu hawezi kuomba hata maji bila salamu, inashangaza kwamba hospitalini salamu huwa ya kwanza kuachwa. Mzee anayeamkiwa shikamoo mtaa mzima anaingia wodini na kuwa "kitanda namba saba". Hapo ameshapungukiwa kitu, kabla hata ya sindano.

Foleni ni jambo la pili, na hapa wengi hukosea wakidhani tatizo ni urefu wa muda. Watu wetu wamezoea kusubiri. Kinachowatoa roho ni kutojua wanasubiri nini. Ifuate njia ya mgonjwa wa kawaida katika hospitali ya umma: anapanga foleni ya kadi, anapewa kontroli namba, anakwenda kulipa, anarudi na risiti, anapanga foleni ya daktari, anaandikiwa vipimo, anarudi kulipa, anakwenda maabara, anasubiri majibu, anarudi kwa daktari aliyekwenda kunywa chai au kuitwa chumba cha upasuaji, anaandikiwa dawa, anarudi kulipa, anakwenda dirisha la dawa. Mwenye bima naye ana dirisha lake na mihuri yake. Katika kila kituo kuna mtu anayeonekana kuingia bila foleni. Huenda ni mzee mwenye haki ya kuhudumiwa kwanza, huenda ni dharura, huenda ni shemeji wa mtu. Kwa kuwa hakuna anayeeleza, wote huhesabiwa kuwa mashemeji. Nesi mmoja akitoka kila nusu saa na kusema, "Wazazi wangu, daktari yuko theatre, atarudi baada ya saa moja, kuna mwenzenu anaokolewa huko," hapunguzi hata dakika moja ya foleni, lakini manung'uniko yote hubadilika kuwa dua.

Dawa sitazizungumzia kwa urefu, maana hakuna anayebisha. Mgonjwa aliyepimwa vizuri, akaelezwa vizuri, kisha akaambiwa akanunue nje, anaondoka akiwa amehudumiwa nusu. Kinachoongeza uchungu ni pale anapokuwa na msamaha kisheria au ana kadi ya bima, kisha anaonyeshwa duka lililo mkabala na geti. Hapo haamini tena kwamba dawa zimekwisha. Anaamini zimehama.

Majengo nayo yana nafasi yake. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa wa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Sisi miti tunayo. Kinachotukosesha alama ni choo.

Sasa nije kwenye mlango wa kutokea, ambao nauona umesahauliwa kuliko yote. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na daktari Donald Redelmeier walichunguza wagonjwa waliopimwa utumbo mpana kwa mpira wa kamera, zamani kipimo hicho kikiwa na maumivu makali. Waligundua kwamba mgonjwa akikumbuka baadaye hakumbuki jumla ya dakika alizoumia. Kumbukumbu yake huundwa na kilele cha maumivu pamoja na dakika za mwisho. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1996, na tukiyaleta kwetu yanauliza swali gumu: dakika za mwisho za mgonjwa wetu hospitalini zikoje? Daktari wa raundi anamruhusu saa tatu asubuhi. Kitanda anakiacha, anakalia benchi. Bili inaandaliwa. Karani hayupo. Dawa za kwenda nazo zinahitaji sahihi. Saa kumi jioni yuko pale pale, na ndugu aliyekuja kumchukua ameshalipa teksi ya kusubiri. Wiki nzima ya uuguzi mzuri inamalizikia kwenye benchi hilo, na benchi ndilo atakalolisimulia.

Wengine huwa na mwisho mbaya zaidi. Mwezi Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa bili, na ikasema kuwazuia hivyo kulivunja haki zao. Mwaka 2018 mahakama nchini humo ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma na kutukanwa na wauguzi. Tukio lile la mwaka 2013 lilijulikana kwa sababu kuna mtu alilirekodi. Mara nyingi simu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiyo sanduku la maoni linalofanya kazi.

Kwetu, tena, mgonjwa haendi hospitali peke yake. Kuna dada aliyelala chini ya kitanda chake siku tatu, kuna shangazi anayeleta uji asubuhi na kufua mashuka ya nyumbani, kuna mjomba anayetafuta damu. Hao ndio hospitali ya pili ndani ya hospitali, na dodoso halina nafasi yao. Mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya huduma kwa mteja, anaweza kuharibu sifa ya madaktari bingwa kumi kwa jinsi anavyomfukuza bibi aliyefika dakika tano baada ya muda wa kuona wagonjwa, chupa ya chai mkononi, ametoka Handeni kwa basi.

Haya yote yakisemwa, kidole huelekezwa kwa nesi, na mimi sitaki kumaliza hivyo. Nesi mmoja anayelinda wodi nzima usiku, bila glavu za kutosha, bila chakula, na mshahara wa mwezi ukiwa umeshagawanywa kabla haujafika, hawezi kuwa na sauti ya upole saa kumi alfajiri. Si udhuru wa kumpiga mama mzazi, lakini ni sababu. Mradi wa Staha ulilitambua hilo. Baada ya kupima, ulikwenda hatua ya pili katika mojawapo ya wilaya zile mbili: wananchi na watumishi walikaa pamoja kujadili mkataba wa huduma, kisha hospitali ikafanya marekebisho yake. Baadhi yalikuwa madogo mno kuandikiwa ripoti. Kina mama walipokelewa mahali pa faragha badala ya mbele za watu. Orodha ya vifaa vilivyokwisha ikabandikwa hadharani ili mtu ajue hafichwi kitu. Watumishi wa zamu wakapewa chai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kunyanyaswa ulishuka kwa takribani theluthi mbili ukilinganisha na wilaya ambayo haikufanya hivyo. Mwenye kusema staha inahitaji bajeti kubwa aanze kwa kujibu hapo.

Lipo onyo moja kutoka Marekani. Tangu Oktoba 2012 sehemu ya malipo ya serikali kwa hospitali za nchi hiyo imefungwa kwenye alama wanazotoa wagonjwa. Mwaka huo huo daktari Joshua Fenton na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 50,000: walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi kwa matibabu na dawa, walilazwa zaidi, na uwezekano wao wa kufa katika miaka iliyofuata ulikuwa juu kwa asilimia 26. Hilo halithibitishi kwamba kuridhika kunaua. Linatukumbusha kwamba mgonjwa anaweza kuridhishwa kwa kupewa asichokihitaji. Kwetu kitu hicho tunakijua kwa jina: ni sindano, ni dripu, ni antibiotiki ya mafua. Tabibu anayemnyima mgonjwa antibiotiki bila maelezo anampeleka duka la dawa. Anayempa ili amalize foleni anamdanganya. Anayemweleza kwa dakika mbili kwa nini haihitaji huenda akakosa alama siku hiyo, na bado ndiye daktari.

Wamarekani hao hao, hata hivyo, wamefanya mambo mawili ya kuigwa katika dodoso lao la taifa. Hawamuulizi mgonjwa kabla hajatoka. Humfuata kati ya saa 48 na wiki sita baada ya kuruhusiwa. Na sehemu kubwa ya maswali yao haiulizi kama ameridhika, inauliza kilichotokea na mara ngapi: manesi walikusikiliza kwa makini mara ngapi, ulielezwa mara ngapi dawa mpya ni ya nini, usiku kulikuwa kimya mara ngapi.

Tanzania imekuwa ikivipa vituo vya afya nyota, sifuri hadi tano, tangu mwaka 2015, na simu ya mkononi imefika karibu kila kijiji. Mganga mfawidhi unayesoma haya, chukua namba za wagonjwa 30 waliotoka mwezi uliopita. Mpe kazi ya kuwapigia mtu asiyefanya kazi wodini kwako, awaamkie, na asiwaulize kama waliridhika. Awaulize nani aliwatajia jina lake, nani aliwafokea, nini walinunua nje, na waliondoka saa ngapi tangu waliporuhusiwa. Kisha majibu hayo yasomwe kwenye kikao cha Jumatatu, mlinzi wa getini akiwapo.